Sursati Nishad, fundi wa fulana za kuzuia risasi za askari wa kike

Saa moja na nusu asubuhi, kabla hajagusa chochote, Sursati Nishad anazisukuma bangili zake za kioo hadi karibu na kiwiko na kuzifunga kwa kitambaa. Kisha ananawa mikono na kuikausha mara mbili. Ndoa yake haimruhusu kuzivua bangili, na kazi yake haimruhusu kuziacha zikicheza. Amezipatanisha hivyo kwa miaka mingi na hakuna upande uliowahi kulalamika.

Mezani kwake, katika karakana moja ya eneo la viwanda la Panki mjini Kanpur, kaskazini mwa India, kuna rundo la vitambaa vya manjano vilivyokatwa kwa umbo la kifua cha mwanamke. Anavipanga kimoja juu ya kingine, anavisawazisha kwa viganja, anavitia kwenye mfuko mweusi usiopitisha maji, kisha anakanyaga pedali. Mashine inaubana mdomo wa mfuko kwa moto. Anasubiri, anaachia, anapitisha kidole gumba juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Leo umekuja na mkono gani, shemeji?” anauliza Shaukat Ansari, mkata vitambaa, kutoka meza ya pili. “Ule wa kazi, au ule uliomwaga chumvi kwenye viazi vya jana?”

“Ule uliokupikia viazi ukaramba mpaka bakuli,” anajibu bila kuinua kichwa.

Sursati ana umri wa miaka arobaini na saba na analipwa rupia elfu kumi na nne kwa mwezi. Ukimwuliza anafanya kazi gani, hasemi kwamba anatengeneza fulana za kuzuia risasi. Anasema anafunga mifuko. Ni kweli, lakini ni sawa na mpishi wa harusi kusema kazi yake ni kuwasha moto.

Amekulia kwenye mchanga wa mto Ganga, kwa watu wanaolima matikiti maji mto unapopungua na kuendesha mitumbwi unapojaa. Mumewe, Mewalal, bado analima huko. Yeye alichoka kupanda kitu ambacho maji yanaweza kukijia siku yoyote, akaenda kujifunza kushona hatamu na matandiko ya farasi kwa baba yake Shaukat. Farasi wakapungua, ikaja mikoba. Mikoba ikahamia kwingine, zikaja fulana za askari.

“Sindano ni ileile,” anasema. “Zamani nilikuwa namvalisha mnyama asiumie mgongo. Sasa namvalisha mtu.”

Mtu mwenyewe, kwake, ana jina. Ni Nirupma, binti yake wa pekee, askari polisi katika wilaya ya jirani. Siku binti huyo alipofaulu mbio za usaili, mtaa mzima ulikula peremende kwa gharama ya Mewalal. Sursati alikula mbili, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: huko watamvalisha nini?

Walimvalisha fulana ya mwanamume. Ilikuwa nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na ilishonwa kwa mtu mwenye mabega mapana na kifua bapa. Nirupma akichuchumaa, ubao wa mbele ulimpanda hadi kidevuni. Akiinua mkono, pengo la kwapani lilikuwa linapitisha ngumi.

“Mama, usijali,” alikuwa akimtania mama yake kwa simu. “Humu ndani naweza kuweka chakula cha wiki nzima na bado nikapata pa kuficha simu.”

Utani huo ulikwisha siku rafiki yake, Sarvesh Kumari, alipopigwa. Walikuwa wameingia kwenye nyumba ya watu wanaofua bastola za kienyeji. Mmoja akafyatua. Vipande vya chuma vikapita katika lile pengo la kwapani na kumharibu Sarvesh bega. Aliishi, lakini kwa miezi mingi hakuweza kusuka nywele zake mwenyewe, na Nirupma ndiye aliyekuwa akimsuka.

“Nilikwenda kumwona hospitalini,” anasimulia Sursati. “Fulana yake ilikuwa chini ya kitanda. Niliigeuza, nikaangalia mshono. Mshono ulikuwa mzima kabisa. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa yule mtoto. Nililia njia yote ya kurudi.”

Ndiyo maana mhandisi kijana aitwaye Tanvi Katiyar alipofika karakanani na ndoo yenye kimiminika cheupe kizito, Sursati alikuwa wa kwanza kusogea.

Ndani ya kimiminika kile mlikuwa na chembe za silika, jamaa wa mchanga wa kawaida, zilizotengenezwa ndogo kiasi kwamba mamia yake yangepangika kwenye upana wa unywele mmoja. Wenye taaluma huziita chembe za nano. Ukizigusa taratibu hupishana na kidole chako kinazama. Ukizipiga ghafla husongamana pamoja na kuwa ngumu, kisha hulegea tena.

“Unga wa mchanga uzuie risasi?” Shaukat aliuliza siku hiyo. “Basi shemeji yetu ni tajiri. Mumewe amekalia mchanga tangu azaliwe.”

“Piga,” Tanvi alimwambia, akimsogezea bakuli.

Shaukat akapiga ngumi. Halikuruka hata tone moja, na yeye akabaki akiutazama mkono wake. Wote wakapanga foleni. Sursati alikwenda jikoni akaleta mchi wa kutwangia bizari, akapiga kwa nguvu zake zote, na mchi ukagota juu juu. Akaushusha tena polepole, ukazama kama kijiko kwenye uji.

“Sasa nikakumbuka lile pengo,” anasema. “Kitambaa kikiloweshwa kitu hiki, kinatosha hata kikiwa chembamba. Kinakunjika. Unaweza kukikata kikafuata mwili, kikapanda mpaka kwapani, na mtu akainua mkono wake akachana nywele.”

Kamanda wa kikosi cha Nirupma, Afande Vibha Tomar, alikubali kuzijaribu. Zikifaulu mtihani wa shabaha, kikosi chake cha wanawake kingekuwa cha kwanza kuzivaa. Zikishindwa, ofisi ya vifaa ingefunga suala hilo na wanawake wangeendelea na fulana za wanaume. Afande alilisema hilo waziwazi, na Tanvi akalirudia kwa kila fundi.

Kimiminika hicho kina ulevi mmoja: kinapenda maji. Kikiachwa kwenye hewa yenye unyevu hujivutia maji chenyewe, kikalegea, na nguvu ikaondoka. Kwa hiyo vitambaa vilivyoloweshwa hulazwa kwenye chumba chenye mashine ya kukausha hewa mpaka Sursati avifunge kwenye mifuko. Mashine hiyo hunywa unyevu mchana na usiku, na ndoo yake haikosi kujaa. Mafundi waliibatiza Mlevi.

Ikafika sikukuu ya Vishwakarma, fundi wa miungu. Siku hiyo Kanpur nzima mtu hagusi kazi. Mashine huoshwa, hupakwa alama nyekundu, huvishwa maua ya manjano na kupumzishwa hadi kesho yake. Mkasi wa Shaukat, ambaye ni Mwislamu, nao huwekwa kwenye safu na kupakwa, na yeye ndiye hudai mgawo mkubwa wa peremende kwa niaba yake.

Kuvisha maua ni kazi ya Sursati. Alizunguka mashine zote, akaingia chumba cha kukaushia, akamkuta Mlevi akinguruma peke yake. Akamvisha shada, akazima swichi.

“Hata mlevi ana sikukuu yake,” alisema, na wote waliokuwa mlangoni wakacheka. Tanvi alikuwa amesimama hapo na sahani ya peremende, naye alicheka. Hakuna aliyekumbuka vitambaa vilivyolala ndani. Usiku huo mvua ya mwisho wa masika ya kule, ile ya Septemba, ilinyesha hadi asubuhi.

Mlevi aliwashwa kesho yake. Sursati akaifunga mifuko kama kawaida, na mizigo ikaenda uwanja wa shabaha.

Naye alikwenda, kwa kuwa fulana zilihitaji mtu wa kuzikaza juu ya donge la udongo lililowekwa nyuma yake. Risasi ikipigwa, hata isipopenya, udongo hubonyea, na kina cha shimo ndicho huonyesha mwili ungeumia kiasi gani. Kinachoruhusiwa ni milimita arobaini na nne. Fulana ya kwanza ilipita arobaini na nne. Ya pili ikapita zaidi. Ya tatu haikuzuia kabisa.

Afande Tomar alisimama juu ya donge lile, mikono nyuma.

“Binti, hili ndilo shimo litakalokuwa kwenye mbavu za askari wangu,” alimwambia Tanvi. “Nashukuru kwa jitihada zenu. Kitambaa hakifai.”

Tanvi alikuwa akipekua hesabu zake za mchanganyiko, akiamini kwamba amekosea vipimo. Mwenye karakana aliangalia saa yake. Shaukat akamnong’oneza Sursati, “Twende, shemeji. Tumejaribu.”

Sursati hakuondoka. Hapo ndipo Mlevi alipomjia akilini, na shada lake, na ile swichi. Akisema, angeweza kufukuzwa kazi siku hiyohiyo, na kazi ya kufunga mifuko ilikuwa ndiyo inayolisha nyumba msimu ambao mto umejaa. Akinyamaza, Nirupma angeendelea kuvaa lile pengo.

“Sikufikiri sana,” anasema. “Kazi nyingine ningetafuta. Mtoto mwingine sina.”

“Afande,” aliita. “Kitambaa hakina kosa. Tulikinywesha maji.”

“Nani alikinywesha?”

“Mimi. Nilizima mashine ya kukausha, ikalala usiku kucha na mvua inanyesha.”

“Kwa nini uizime?”

“Ilikuwa Vishwakarma.”

Tanvi akafunga karatasi zake na kusema kwa sauti ndogo kwamba alikuwepo, alimwona, na alikuwa anakula peremende.

“Siku ile,” alisema Afande Tomar, “dereva wangu alikataa kuwasha gari. Ameliosha, amelivisha maua, anasema limelala. Nimekwenda kikaoni kwa riksho, na sare zangu zote, kamanda mzima.”

Shaukat alicheka kwanza, akajizuia kwa kikohozi.

“Nawapa nafasi moja,” Afande aliendelea, na sasa hakuwa akitania. “Lakini hizo zinazokuja nitazilaza kwenye pipa la maji usiku mzima kabla ya kuzipiga risasi. Askari wangu hawafanyi kazi ndani ya chumba kikavu. Wanatoka jasho, wananyeshewa, wanavuka mifereji. Kama usiku mmoja wa mvua unaiua fulana hii, siitaki, hata ikiwa nzuri namna gani.”

Shaukat anasema safari ya kurudi Panki ilikuwa kama ya kutoka msibani. Mwenye karakana alitaka kujua nani alimruhusu Sursati kuongea. Tanvi akamjibu kwamba asingeongea, wangekuwa wanarudi bila kazi yoyote. Mwenye karakana akafikiri, akakohoa, na suala la kumfukuza likaishia garini.

Sasa mzigo wote ulihamia kwenye mfuko. Chembe zikiwa kavu ndani, zingefanya kazi yake. Tone moja likipenya mshono, yale ya kwanza yangerudi. Na mshono ni wa Sursati.

Alianza kufunga mara mbili, mstari wa pili pembeni ya wa kwanza. Mikunjo ya kwapani ndiyo iliyomsumbua. Pale mfuko hujikunja na moto haufiki sawasawa. Aliunguza mifuko, akatupa, akaunguza mingine. Shaukat, aliyekuwa akikata vitambaa vipya, alikata pia kona za mfuko upya ili mkunjo ulale, akakataa kushukuriwa.

“Usinishukuru mimi, shemeji. Nimechoka kusikia ukiitukana mashine. Ina watoto pia.”

Lakini atajuaje kama mshono umeziba? Chombo alichoagiza Tanvi cha kupimia kilikuwa hakijafika. Jioni moja akirudi nyumbani, Sursati alisimama kwa fundi wa pancha kwenye kona ya barabara yao, akamtazama akizamisha mpira wa baiskeli kwenye karai na kusubiri mapovu. Kesho yake alikuja na karai kutoka nyumbani. Alimwomba Tanvi amwachie ajaze mifuko mitupu hewa, aifunge, aizamishe. Tanvi alikunja mikono ya blauzi yake na kuchuchumaa naye. Mmoja alibonyeza, mwingine akatafuta mapovu.

Mfuko wa kwanza ulitoa mapovu kama sufuria ya wali. Waliendelea hivyo mpaka wakapata moto sahihi na muda sahihi, mfuko ukakaa chini ya maji kimya, na Sursati akaubonyeza kwa goti bila kutoka hata kipovu kimoja.

“Hapo nikajua,” anasema, na uso wake unafunguka akisimulia. “Sikutumaini. Nilijua. Nilimwambia Tanvi, mwambie Afande alete pipa lake, na akitaka alete na mto mzima.”

Afande alileta pipa. Fulana zililala humo hadi asubuhi, zikatolewa zikichuruzika, zikafungwa juu ya udongo. Sursati alikaza kamba mwenyewe, akarudi nyuma ya mstari, akaziba masikio. Hakufumba macho.

Shimo lilikuwa milimita ishirini na tisa. La pili likawa chini ya hapo. Wakapiga pembeni, kwenye mkunjo wa kwapani, na hapo napo pakashika. Afande alichana mfuko mmoja kwa kisu, akatia vidole ndani, akavitoa na kuvitazama. Vilikuwa vikavu.

Alimpa Sursati mkono. “Unaye mtoto kwangu,” alisema. “Nirupma Nishad. Hakuniambia.”

“Nilimkataza,” Sursati alijibu. “Nilitaka upige risasi bila kunionea huruma.”

Fulana za kwanza zilifika kikosini baada ya sikukuu ya Diwali. Mtu angetarajia hadithi iishie hapo, binti amevaa kazi ya mama. Haikuwa hivyo. Fulana zilikuwa kumi na mbili, na wanawake wa kikosi ni zaidi ya thelathini. Afande alipanga zamu: anayetoka kwenda mahali pa hatari ndiye anayevaa, na zingine zinazunguka.

Moja tu haizunguki. Amepewa Sarvesh Kumari, aliyerudi kazini na bega lake, na wenzake ndio waliopendekeza hivyo, Nirupma akiwa wa kwanza kuinua mkono.

Sursati hakulipokea vizuri. Anakiri. Binti alipokuja nyumbani kwa mapumziko, akiwa bado hajamaliza chapati ya kwanza, mama alimuuliza yako iko wapi.

“Sina yangu, mama. Kuna zetu.”

“Nimekesha na karai kwa ajili yako.”

“Najua. Lakini uliposhona uliandika jina langu humo ndani?”

“Ningeandika, kama Shaukat asingekuwa ananichungulia.”

Nirupma alicheka, kisha akasimama katikati ya chumba, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa na kuchuchumaa chini, kama anavyofanya akiwa ameivaa. Akasimama, akachuchumaa tena. “Unaona? Haipandi. Hainibani. Siku ya kwanza nilirudi kambini nikaenda kula nayo, nimesahau. Sarvesh amejisuka mwenyewe akiwa nayo mwilini. Ametutumia picha.”

Sursati aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Baadaye alimwongezea binti chapati bila kuulizwa, na kwa wanaomfahamu hiyo ni dalili kwamba hoja imekubaliwa.

Siku ambazo zamu si ya Nirupma, binti anavaa ile nzito ya kiume. Sursati anazijua siku hizo. Siku hizo hali kitu mpaka simu ilie na binti aseme amerudi, na Shaukat, anayemjua, halitaji suala la chakula cha mchana mezani.

Ofisi ya vifaa imekubali kundi jingine la fulana, la kutosha kikosi kizima. Kazi inatakiwa ikamilike kabla ya Holi, sikukuu ya rangi ya mwezi Machi. Sursati amewaita wanawake wawili wa mtaani kwake waliokuwa wakishona mifuko ya nafaka, anawafundisha moto, muda na mapovu. Mmoja wao ana mkono mwepesi, anasema, na mwingine ana mdomo mwepesi, lakini wote watafaa. Mewalal ameahidi kuwaletea matikiti ya kwanza ya msimu wakimaliza kwa wakati.

Ana uhakika watamaliza. Anachokitaka baada ya hapo si cheti wala kupigwa picha na wakubwa.

“Nataka mwanangu aivae kila siku, iwe yake,” anasema, akishusha kitambaa kinachofunga bangili na kukikaza upya, maana mfuko unaofuata uko tayari. “Aivae mpaka aizoee. Mpaka ailalamikie kama watu wanavyolalamikia viatu. Aje hapa aniambie, mama, inanitoa jasho, siipendi. Nimnyamazishe, nimpe maji ya kunywa.”